Barua ya wazi: Kiolesura cha programu kisifungwe kwa hakimiliki

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya hakimiliki, Waheshimiwa Wabunge, na Wakuu wa taasisi za hakimiliki wa Kenya, Tanzania na Uganda

YAH: KUTAMKA KATIKA SHERIA KWAMBA KIOLESURA CHA PROGRAMU HAKINA HAKIMILIKI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni waandishi wa programu za malipo, za hospitali na za maduka. Jambo hili tumelipeleka kwa njia za kawaida, kwa barua na kwa fomu za kukusanyia maoni, na hatujapata jibu la maandishi. Sasa tunalileta hadharani ili wananchi wasome tunachokiomba, nanyi mtujibu mbele yao.

Programu mbili haziwezi kuzungumza bila kukubaliana mambo manne: jina la amri, vigezo (taarifa ambazo amri hupewa) vinavyoandamana nayo, mfuatano wa vigezo hivyo, na sura ya jibu. Makubaliano hayo ndiyo kiolesura, ambacho mafundi wengi hukiita API. Nyuma yake ndipo unapokaa msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta yanayofanya kazi yenyewe. Majaji wa Marekani walieleza tofauti hiyo kwa amri moja ndogo ya lugha ya Java, ile inayotafuta namba kubwa kati ya mbili. Tamko lake huandikwa `public static int max(int x, int y)`. Mstari huo ni kiolesura: unasema amri inaitwa max, inapokea namba mbili kamili, inarudisha namba moja kamili. Mistari inayofuata, inayolinganisha x na y na kuchagua iliyo kubwa, ndiyo utekelezaji. Utekelezaji unaweza kuandikwa kwa namna nyingi. Tamko lina namna moja tu. Ukibadilisha max ukaandika kubwa, kila programu iliyokwisha kuandikwa kwa kuita max itagoma, kwa sababu jina inalolitafuta halipo.

Swali letu kwenu ni hili: je, sheria zetu zinamruhusu mtu kuandika upya utekelezaji wake mwenyewe nyuma ya tamko lilelile? Tunaamini jibu linapaswa kuwa ndiyo, na liandikwe. Sababu zetu ni hizi.

1. Sheria zimenyamaza mahali penye hatari

Nchi zetu zimo katika Shirika la Biashara Duniani, na mkataba wake wa haki za ubunifu, TRIPS, una kanuni mbili zinazokutana hapa. Ibara ya 10 inataka programu za kompyuta zilindwe kama kazi za maandishi. Ibara ya 9(2) inasema ulinzi ni wa namna jambo lilivyoelezwa, wala si wa mawazo, taratibu, njia za uendeshaji au dhana za hisabati. Sheria ya Uganda ya 2006 nayo inasema mawazo, taratibu na njia hazilindwi. Tatizo ni kwamba hakuna kifungu kinachosema kiolesura kinaangukia upande gani. Ni maandishi, kwa hiyo mwenye nacho atadai ni kazi ya maandishi. Ni njia ya kuendeshea programu, kwa hiyo anayekitumia atadai hakilindwi. Kila mmoja ana mahali pa kushika.

Msidhani hofu hii ni ya vitabuni. Sheria ya Marekani ina kifungu cha 102(b), kinachonyima hakimiliki taratibu, mifumo na njia za uendeshaji, kwa maneno yanayoonekana hayana utata. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kwanza, katika kesi ya Lotus dhidi ya Borland, ilisema orodha ya amri za programu ya mahesabu ya Lotus 1-2-3 ni njia ya uendeshaji na haina hakimiliki. Lotus ilikwenda Mahakama ya Juu, na Januari 1996 majaji wakagawanyika 4 kwa 4. Uamuzi wa chini ukabaki, lakini nchi nzima haikupata kanuni.

Pengo hilo ndilo lililozaa kesi ya Oracle dhidi ya Google. Java ilitengenezwa na Sun Microsystems. Google ilipojenga Android, mfumo wa kuendeshea simu, ilitaka waandishi waliokwisha kuijua Java waweze kuandikia simu bila kujifunza upya. Mwaka 2008 Java ilikuwa na vifurushi 166 vya amri. Google ilichukua matamko ya vifurushi 37, kama mistari 11,500, na utekelezaji ikauandika yenyewe. Mistari hiyo ni asilimia 0.4 ya mistari milioni 2.86 ya kiolesura chote pamoja na utekelezaji wake. Oracle iliinunua Sun Januari 2010, na Agosti mwaka huohuo ikafungua kesi.

Mwaka 2012 Jaji William Alsup wa San Francisco aliamua kwamba matamko hayo na mpangilio wake havina hakimiliki. Mei 2014 mahakama ya rufaa ya Federal Circuit ikapindua: muundo, mfuatano na mpangilio wa vifurushi 37 unalindwa. Kesi ikarudi chini kwa swali la matumizi ya haki (fair use), yaani kama uchukuaji ule unaruhusiwa bila idhini ya mwenye kazi. Mei 2016 baraza la wazee wa mahakama likaipa Google ushindi. Machi 2018 Federal Circuit ikapindua tena. Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 2, ikasema Google ilifanya matumizi ya haki.

Wengi walishangilia hapo wakadhani swali limefungwa. Halikufungwa. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika hukumu ya wengi, alisema kwamba kwa ajili ya hoja tu wanachukulia matamko yale yanaweza kuwa na hakimiliki, kisha wakaamua kwa matumizi ya haki peke yake. Kama kiolesura kina hakimiliki au hakina, Mahakama ya Juu haikusema. Hoja ya Federal Circuit ya 2014 haikukataliwa wala kukubaliwa. Zaidi ya miaka 10 ya mahakama, madai yaliyokaribia dola bilioni 9, na swali la msingi bado liko wazi. Kampuni zile mbili ziliweza kulipia safari hiyo. Karakana ya waandishi watano Kisumu au Mwanza haitafika hata kwenye ombi la kwanza la mawakili. Itaifuta programu yake siku itakapopokea barua ya onyo.

2. Mlango uliomwokoa Google kwetu haupo

Hili ndilo linalotusumbua kuliko yote, na ndilo linalosahaulika kila hukumu ya 2021 inapotajwa katika mijadala ya hapa nyumbani.

Matumizi ya haki ya Marekani ni kanuni isiyofungwa na orodha: jaji hupima lengo la matumizi, asili ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko, na matumizi ya aina yoyote yanaweza kupita. Sheria zetu hazikujengwa hivyo. Sheria ya Kenya ya 2001 iliruhusu matumizi kwa malengo yaliyotajwa: utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki, na kuripoti matukio ya siku. Tanzania, katika sheria yake ya 1999, imeorodhesha matumizi huru moja baada ya jingine. Uganda imetumia vipimo vinavyofanana na vya Marekani, lakini vinafanya kazi juu ya orodha ya matendo yaliyotajwa. Mtu anayejenga mfumo wa biashara unaoitikia amri zilezile za mfumo wa mwingine hafanyi utafiti, hafanyi uhakiki, haripoti habari, na wala si matumizi binafsi. Hana sanduku la kuingia.

Kwa hiyo mlalamikaji akija mbele ya hakimu wetu na uamuzi wa 2014 mkononi, akasema mpangilio wa amri unalindwa, mshtakiwa hawezi kujibu kwa uamuzi wa 2021, maana unasimama juu ya kanuni ambayo Bunge lake halijaitunga. Hukumu za nje hapa hushawishi tu, hazifungi. Na katika hali hii, ile inayoumiza ina pa kushika kuliko ile inayosaidia.

Kenya ina jambo jema moja tunalolitambua: sheria yake ya 2001 ilimruhusu mwenye nakala halali kuifumua programu, yaani kuirudisha kwenye msimbo unaosomeka, ili apate taarifa za kuiwezesha ifanye kazi na programu nyingine. Ni hatua. Lakini ruhusa hiyo inazungumzia kupata taarifa. Ukishazipata, ukakuta kwamba ili uelewane na mfumo ule huna budi kuandika majina yaleyale kwa mfuatano uleule, kifungu hakikwambii kama unaruhusiwa.

3. Malipo, afya na kodi vinakaa juu ya violesura

Chukueni ombi la malipo la Daraja, mlango wa waandishi wa programu kwenye M-Pesa nchini Kenya, lile linalomfungulia mteja kidirisha cha kuweka namba ya siri kwenye simu yake. Tunautaja mfumo huu kwa kuwa mafundi wengi wanaujua, si kwa kumlalamikia mwenye nao. Ombi lina sehemu 11: BusinessShortCode, Password, Timestamp, TransactionType, Amount, PartyA, PartyB, PhoneNumber, CallBackURL, AccountReference na TransactionDesc. Timestamp ni tarakimu 14, kuanzia mwaka hadi sekunde, bila alama katikati. Password ni namba ya biashara, ufunguo na Timestamp vilivyounganishwa bila nafasi, kisha vikageuzwa kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Namba ya simu huanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Ukitengeneza Password kwa sekunde moja na kuandika Timestamp ya sekunde nyingine, ombi linakataliwa. Jibu likirudi na ResultCode 0, malipo yamepita. Likirudi na 1032, mteja ameghairi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mwandishi wa programu ya duka anaweza kukieleza kwa maneno yake. Hawezi kusema Kiasi badala ya Amount, wala kuanza na siku kabla ya mwaka. Hakuna nafasi ya mtindo. Kuna sawa na kosa.

Sasa tazameni mambo mawili ambayo mafundi wanayahitaji. La kwanza ni seva ya kuigiza. Programu ya duka lazima ijaribiwe kwa balaa zote: mteja ameghairi, mteja amenyamaza, jibu limechelewa, jibu lilelile limekuja mara mbili. Mazingira ya majaribio ya mtoa huduma yeyote hayawezi kukupa kila balaa kwa wakati unaoutaka, kwa hiyo fundi makini huandika seva yake ndogo inayopokea sehemu zilezile 11 na kurudisha namba zilezile. Asipofanya hivyo, kosa la jibu kuja mara mbili litagunduliwa na mwenye duka, siku ambayo mzigo mmoja utatolewa kwenye stoo mara mbili kwa malipo ya mara moja. Chini ya hoja ya 2014, seva hiyo ya kuigiza ni nakala ya muundo, mfuatano na mpangilio.

La pili ni kuhama. Benki au kampuni nyingine ikitaka kuwahudumia wenye maduka walewale, njia rahisi kwa mteja ni kufungua mlango unaoelewa ombi lilelile. Duka litabadilisha anuani ya seva na funguo, basi. Mkilazimisha majina yawe tofauti, kila programu ya duka itafumuliwa na kuandikwa upya, na hatari kubwa itakaa kwenye kutafsiri namba za makosa. Mfumo mmoja ukisema ombi bado linasubiri na fundi akalisoma kama limeshindikana, mteja ataombwa alipe tena, na malipo ya kwanza yatapita baadaye. Atakuwa amelipa mara mbili. Ndivyo pesa za watu zinavyopotea kwa ajili ya tofauti ya majina.

Upande wa afya, mfumo wa DHIS2 uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo ndio unaopokea takwimu za vituo vya afya katika nchi zetu zote tatu. Programu ya hospitali hupeleka taarifa ya mwezi kwenye anuani inayoishia na dataValueSets, ikitaja dataElement, period, orgUnit na value. Machi 2024 huandikwa 202403. Wizara ikitaka kesho kujenga mfumo wake wa kupokea takwimu bila kuvuruga programu za hospitali, mfumo huo lazima uitikie anuani hiyo na majina hayo. DHIS2 ina leseni huru inayoruhusu, nasi tunaishukuru. Lakini haki ya wizara kujitegemea haifai kutundikwa kwenye ukarimu wa leseni ya mtu.

Na kwenye stakabadhi za kodi, ni mamlaka zenyewe zinazotoa vipimo na kuwalazimisha wauzaji wavifuate herufi kwa herufi. Ni vigumu kuelewa jinsi kitu ambacho sheria inamwamuru kila mtu akinakili kingeweza kuwa mali ya kunakiliwa kwa ruhusa.

4. Mkataba unaweza kukunyang'anya ulichopewa na sheria

Ulaya ililigusa swali letu zamani. Mwongozo wake wa 1991 kuhusu programu, yaani sheria ya pamoja kwa nchi wanachama, ulioandikwa upya kama 2009/24/EC, unasema mawazo na kanuni zilizo chini ya sehemu yoyote ya programu, pamoja na zile zilizo chini ya violesura vyake, hazina hakimiliki. Tarehe 2 Mei 2012, katika kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaongeza kwamba kazi inayofanywa na programu, lugha ya kuandikia programu na mpangilio wa mafaili ya data si namna ya kueleza inayolindwa kama programu. World Programming ilikuwa imeandika mfumo unaoendesha maandiko ya SAS bila kuuona msimbo wa SAS. Ilijifunza kwa kuutumia na kuutazama.

Lakini fuateni kesi hiyohiyo ilipovuka bahari. SAS ilifungua kesi pia huko North Carolina, Marekani, safari hii ikiegemea makubaliano ya leseni na madai ya udanganyifu. World Programming iliamriwa kulipa takriban dola milioni 79, baada ya fidia kuzidishwa mara 3. Kazi ni ileile. Huko Ulaya kampuni hiyo iliachiwa kwa sababu mwongozo wao unabatilisha sharti la mkataba linalomzuia mwenye nakala halali kutazama, kuchunguza na kujaribu programu. Kule kwingine karatasi ya leseni ndiyo iliyosema mwisho. Kifungu kizuri cha hakimiliki kisichogusa mikataba kitageuzwa bure na mstari mmoja wa masharti ambayo kila mtu huyabofya bila kuyasoma.

5. Nia njema huuzwa pamoja na kampuni

Android ilipotangazwa Novemba 2007, mkuu wa Sun, Jonathan Schwartz, aliipongeza hadharani. Kabla ya miaka 3 kupita Java ilikuwa na mmiliki mwingine, na mmiliki huyo akaenda mahakamani. Anayewaambia kwamba mwenye mfumo fulani ni muungwana na hatamshtaki mtu, muulizeni nani ataumiliki mfumo huo baada ya mauzo.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema mahakama itaamua shauri likifika. Shauri halitafika, kwa sababu tuliyoieleza: mdogo husalimu amri kwenye barua ya onyo. Na likifika, miaka mingi ya kusubiri itakuwa miaka ya watu kuogopa kujenga.

Mtasema hakuna atakayewekeza katika kubuni kiolesura kizuri kikiwa hakilindwi. Historia inasema vingine. IBM ilitoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981. Kampuni nyingine zikaandika upya programu ya kuwashia mashine, ikiitikia amri zilezile, na Phoenix ikaanza kuwauzia watengenezaji wote mwaka 1984. Kompyuta za bei nafuu zilizojaa maofisini zilianzia hapo. Linux, iliyoanza 1991, iliandikwa ifuate violesura vya Unix. Hata Oracle yenyewe ilikua juu ya SQL, lugha ya hifadhidata iliyobuniwa na watafiti wa IBM na kuchapishwa kwenye makala. Oracle ikaitoa kibiashara mwaka 1979, na leo huduma yake ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inapokea amri za S3 za Amazon. Hatuilaumu kwa hayo. Ndivyo fani hii inavyokua.

Mtasema kubuni majina na mpangilio ni kazi ya akili. Ni kweli kabisa, na mbunifu mzuri wa kiolesura anastahili heshima na mshahara mnono. Lakini hakimiliki haikuwekwa kulinda kila jambo gumu. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kuhusu kitabu cha Selden, aliyebuni mfumo wa kutunza hesabu na kuueleza katika kitabu hicho. Ikasema kitabu ni chake, mfumo wa kuweka hesabu si wake kwa hakimiliki; anayetaka kumiliki njia ya kufanya kazi aende kwenye hataza (patent). Huko atachunguzwa kama jambo lake ni jipya, na akipewa, atapewa miaka 20. Hakimiliki huja bila uchunguzi, tangu siku ya kuandika, na kanuni ya kawaida katika sheria zetu ni miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kumpa mtu miaka hiyo yote juu ya mfuatano wa vigezo, bila hata kumuuliza kama ni mpya, ni kumpitisha mlango wa nyuma wa hataza.

Mtasema mikataba ya kimataifa inatufunga mikono. Ibara ya 9(2) ya TRIPS inaruhusu hasa tunachokiomba, na nchi za Ulaya, zilizomo katika shirika hilohilo, zimekuwa na kanuni inayokaribiana nacho tangu mwongozo wa 1991.

Kuhusu usalama, ulinzi wa mfumo unatokana na funguo, vyeti na ukaguzi wa kila ombi. Majina ya sehemu 11 yamechapishwa kwa kila mwandishi anayejisajili.

Tusichokiomba

Hatuombi msimbo wa mtu. Hatuombi funguo zake, wala haki ya kugonga seva yake bila ruhusa, wala jina lake la biashara. Maelezo aliyoyaandika kwa sentensi zake kwenye kitabu cha mwongozo yabaki yake. Fundi anayeyanakili aya kwa aya anavunja sheria, na avunje mwenyewe bila kutusingizia.

Mpaka huu unatekelezeka. Njia iliyozoeleka ni ya timu mbili. Timu ya kwanza husoma mfumo na kuandika vipimo pekee: jina la amri, aina ya kila kigezo, mfuatano, jibu, namba za makosa, na kinachotokea kigezo kikikosekana. Haiandiki hata mstari mmoja wa msimbo. Timu ya pili, ya watu ambao hawajawahi kuuona msimbo wa asili, huandika utekelezaji kwa vipimo hivyo tu. Maswali kati ya timu hupita kwa maandishi, na daftari la maswali na majibu hutunzwa kwa tarehe. Inapoharibika, huharibika kwa njia zinazojulikana: mtu aliyewahi kuajiriwa na mwenye mfumo anawekwa timu ya pili, vipimo vinabeba kipande cha msimbo kama mfano, fundi aliyekwama anakwenda kuchungulia. IBM ilichapisha msimbo mzima wa programu yake ya kuwashia kompyuta katika kitabu cha mafundi, na kwa sababu hiyo waliokisoma hawakufaa tena kuandika mbadala.

Na mahakama zinaweza kuuona mpaka. Katika kesi ileile ya Android ilionekana amri ndogo iitwayo rangeCheck, mistari 9 ya utekelezaji iliyofanana na ya Java. Baraza la wazee wa mahakama liliona huo ni uvunjaji wa hakimiliki. Hatuna ugomvi na hilo. Mistari 9 ya utekelezaji ina mwenyewe. Mistari 11,500 ya matamko ni njia ya kuuendesha mfumo.

Tunachoomba

a) Kila nchi iongeze katika sheria yake ya hakimiliki kifungu chenye maana hii: «Hakimiliki katika programu ya kompyuta haihusu kiolesura cha programu hiyo, yaani majina ya amri na ya sehemu za ujumbe, aina na mfuatano wa vigezo, anuani za maombi, namba za majibu na za makosa, mpangilio wa mafaili ya data, na mpangilio wa vitu hivyo kwa pamoja, kwa kiasi kinachohitajika ili programu nyingine iiite, iitwe nayo, au ichukue nafasi yake.» Maneno «ichukue nafasi yake» yasiachwe. Bila hayo, kifungu kitamlinda anayeunganisha na kumwacha mshindani.

b) Tanzania na Uganda ziweke wazi ruhusa ya kufumua programu kwa ajili ya kuziwezesha programu kufanya kazi pamoja, na Kenya iongeze kwamba taarifa iliyopatikana kwa njia hiyo inaweza kutumika katika programu mpya, hata ikiwa ni ya kibiashara.

c) Sharti lolote la mkataba au la leseni linalozuia (a) au (b) liwe batili.

d) Zabuni za mifumo ya umma zimtake mjenzi akabidhi vipimo kamili vya kiolesura pamoja na mfumo, na kutamka kwa maandishi kwamba yeyote anaweza kuvitekeleza. Hili halihitaji Bunge. Linahitaji waraka wa wizara tu, na linaweza kuanza na zabuni ijayo.

Tunaomba jibu la maandishi kwa kila ombi, kwa herufi zake, ndani ya siku 60, hata kama jibu ni hapana na sababu zake. Tuko tayari kuja mbele ya kamati za Bunge tukiwa na kompyuta na kuwaonyesha waheshimiwa, kwa amri ya max na kwa ombi la malipo, mahali tamko linapoishia na utekelezaji unapoanza.

Wenu watiifu,

Waandishi wa programu za malipo, afya na biashara, Afrika Mashariki

Nakala:
Kamati za Bunge zinazoshughulikia sheria na TEHAMA, Nairobi, Dodoma na Kampala
Benki Kuu za nchi tatu
Vyama vya mawakili vya nchi tatu